Golf ya saspensheni ya spoti: rimu za 18 au za 16 kwa barabara zetu za Nairobi?

Saspensheni ya spoti, yaani springi fupi na ngumu zaidi, haina ubaya wowote Nairobi. Kinachowaumiza watu migongo ni rimu kubwa. Nasema hivyo baada ya kuendesha gari moja kwa seti mbili za rimu, njia zile zile, na abiria yule yule ambaye hanifichi kitu: mamangu.

Gari lenyewe ni Volkswagen Golf ya kizazi cha saba, muundo uliozinduliwa 2012. Lilitoka Japani likiwa na saspensheni ya spoti ya kiwandani, inayoliteremsha takriban milimita 15, na rimu za inchi 18. Ninaishi Syokimau, kazi yangu iko Westlands, na mama nampeleka kliniki Upper Hill kwa sababu ya mgongo unaomsumbua tangu nikiwa shule ya sekondari. Kwa hiyo nikiliangalia gari, starehe ya anayekaa ndani inakuja kabla ya injini.

Watu huchanganya springi na rimu kwa sababu huuzwa pamoja, ila mwili huzihisi tofauti kabisa. Ugumu wa springi utaujua pale Mombasa Road ambapo malori yamekanyaga lami ikabonyea, au unapovuka tuta refu. Golf hii hupanda, hushuka, imetulia. Gari la springi laini na shoki zilizochoka huendelea kuyumba, na abiria wa nyuma anaanza kutafuta dirisha. Mimi naupenda ule utulivu, na mama pia haulalamikii.

Rimu kubwa utaijua kwenye kingo kali: mdomo wa shimo, kiungo cha daraja, kabro iliyoinuka kwenye lango la mtaa. Hapo pigo huja ghafla mno, na anayelipokea kwanza ni ubavu wa tairi. Soma namba. Tairi ya 225/40 R18 ina ubavu wa asilimia 40 ya upana wake wa milimita 225, yaani milimita 90. Ya 205/55 R16 ina kama milimita 113. Hizo 23 za ziada ni mpira na upepo, na ndizo zinazomeza pigo kabla halijafika kwenye shoki, kwenye bushi (mipira ya viungo vya saspensheni), kisha kwenye uti wa mgongo wako. Tena rimu kubwa aghalabu huwa nzito zaidi, na uzito ulio kwenye gurudumu haubebwi na springi, ndio unaoisukuma.

Kubadilisha kwenda rimu za 16 hakukuwa na ugumu. Golf hii hutumia boliti tano kwenye duara la milimita 112, sawa na Audi A3, kwa hiyo rimu zilizotumika hupatikana. Fundi wangu alizijaribu kwanza kuona kama zinapita breki, kwa sababu toleo lenye breki kubwa huenda lisikubali 16. Nilimuuliza pia kama gari litashuka chini zaidi, jambo ambalo wengi huhofia. Halishuki kiasi cha kuonekana. Kipenyo cha gurudumu zima ni milimita 637 kwa 18 na 632 kwa 16, kwa hiyo chini umepoteza milimita mbili na nusu hivi, na spidomita haisogei hata kwa asilimia moja. Rimu ikipungua, tairi inanenepa.

Mama sikumwambia chochote. Tulipopita kabro za kwetu aliniuliza kama nimepata gari la ofisi.

Kwenye Expressway, ile sehemu ya juu, viungo vya daraja vilikuwa vikigonga hadi kwenye kiti. Sasa vinasikika tu kwa mbali. Na kelele za lami chakavu zimepungua sana, tunaongea bila kupandisha sauti. Hilo sikulitarajia, na ndilo lililonifurahisha kuliko yote.

Nimepoteza kitu? Ndiyo. Kwenye kona za Red Hill, tairi za 18 zilikuwa zikiitika mara tu unapogusa usukani. Za 16 hufikiri kidogo kwanza. Anayependa kuendesha atalihisi hilo na atalikosa kweli. Lakini kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa mjini, sioni lini utahitaji ule wepesi.

Presha ni nusu ya kazi. Kwenye kituo cha mafuta anayejaza upepo hukuuliza "ngapi?", na madereva wengi hujibu arobaini, eti tairi isipasuke. Kwenye Golf jibu liko kwenye kibandiko ndani ya kifuniko cha tangi la mafuta au kwenye nguzo ya mlango wa dereva, na hubadilika kulingana na mzigo. Ukizidisha, ubavu unakuwa mgumu kama gogo, hata ungekuwa wa inchi 16.

Kuna wanaoshauri spesa, vipande vinavyowekwa kwenye springi, ili gari lipande. Sizipendi kwa gari hili. Zinabadilisha pembe za mikono ya chini na viungo vya ekseli bila kuongeza hata milimita moja ya ubavu wa tairi. Springi zilizokatwa ni mbaya zaidi. Ukikuta gari la hivyo, acha, hata bei ikiwa tamu.

Na kama yadi wanakuonyesha Golf, Mazda Axela au Mercedes ya rimu za 18, omba iinuliwe kwa jeki. Zungusha kila gurudumu na uangalie ukingo wa ndani wa rimu, ule usioonekana ukisimama kando ya gari, maana huko ndiko hupinda. Pitisha kiganja ubavuni mwa tairi utafute uvimbe. Ukiupata hata kwenye tairi moja, bei ya tairi hiyo itoke kwa muuzaji kabla hujaweka sahihi.