convert ya Windows: ya bure, imo humohumo, ila hairudi nyuma

Sisi wapiga video za harusi GB 4 tunaijua kwa machungu. Umehariri hadi macho mekundu, umetoa faili moja la GB 11, unalikopi kwenye diski ya nje iliyo nusu tupu, Windows inakujibu faili ni kubwa mno. Nafasi ipo. Tatizo ni FAT32, mfumo wa faili (namna diski inavyopanga na kuhifadhi faili) wa mwaka 1996, ambao haupokei faili moja linalofika GB 4.

Mafundi wengi jibu lao ni moja: hamisha vitu, fomati upya. Uhamishie wapi, na diski hiyo ndiyo ghala lenyewe? Hapo ndipo convert inapokuwa mkombozi: ni amri inayoigeuza diski ya FAT32 kuwa NTFS, mfumo wa faili unaopokea faili kubwa, bila kufuta vilivyomo. Haiuzwi wala haipakuliwi, imo ndani ya Windows. Unafungua cmd (dirisha la kuandikia amri) kama msimamizi, unaandika convert E: /fs:ntfs (E ni herufi ya diski yako), basi. Diski ikiwa na jina, itakuuliza. Watu hukwama hapo wakidhani wanaombwa nywila, kumbe inataka lile jina linaloonekana kando ya herufi. Inakagua diski kwanza, inapima kama nafasi iliyobaki inatosha, ndipo inabadilisha. Yangu niliiacha ikihangaika nikaenda kula. Narudi, folda zote ziko mahali pake, send-off na kitchen party za miaka yote, na lile faili la GB 11 likaingia bila ubishi.

Faida nyingine ni ya umeme wetu huu. NTFS huweka kumbukumbu ya mabadiliko inayoyafanya, kwa hiyo umeme ukikatika katikati ya kukopi, mpangilio wa diski hauvurugiki kirahisi kama kwenye FAT32. Faili lililokuwa njiani, hilo lisamehe.

Sasa lawama. Haina kitufe hata kimoja, ni kuandika tu. Haigusi exFAT, mfumo mwingine wa faili. Na ukishakwenda NTFS, convert hairudishi FAT32; kwa Windows yenyewe, kurudi ni kufomati. Kazi ambazo wateja hawajamalizia kulipa, zitolee nakala kwanza.

Nyota nne, kwa diski za kazini tu. Flashi ya mteja usiiguse: baadhi ya TV za sebuleni hazisomi NTFS, na Mac inasoma lakini haiandiki. Mimi za wateja naziacha FAT32, video naikata vipande vya GB 3.