Gitaa la bei nafuu: uso wa ubao mzima au wa plaiwudi?
Uso (ubao wa mbele) wa gitaa la Yamaha F310 ni plaiwudi, yaani tabaka za mbao zilizounganishwa kwa gundi, ilhali wa gitaa la Yamaha FG800 ni ubao mzima wa sprusi, mti wa jamii ya misonobari, na kwa maoni yangu tofauti hiyo ni kubwa kuliko ya mbao za mgongo na ubavu, kwa kuwa uso ndio unaotikiswa zaidi na nyuzi. Ukipiga uzi mnene wa sita bila kuubana, FG800 hujaza sauti na kuifanya idumu. F310 ni nafuu zaidi, tena ni mvumilivu: ubao mzima hupasuka hewa ikikauka mno na huvimba unyevu ukizidi, hata nyuzi zikainuka. Anayesafiri na gitaa bila kasha, plaiwudi itamfaa. Anayerekodi nyumbani na kulitunza, ubao mzima.