Ubao wa Shule Utakutana Jumanne

Ujumbe wa kwanza niliopata kwa Kiswahili kutoka wilaya ya shule yetu hapa Marekani ulisema: “Ubao wa shule utakutana Jumanne saa 6:30 jioni. Wazazi wanakaribishwa.” Niliusoma mara tatu. Ubao ukutane na nani, na chaki? Na saa sita na nusu jioni ni saa ya nchi gani? Binti yangu wa darasa la nane ndiye aliyenieleza kuwa kwa Kiingereza bodi, yaani baraza linaloongoza shule za wilaya, na ubao ni neno moja, na mashine ya kutafsiri imeokota lile lililokuwa karibu.

Huduma hii ya taarifa kwa wazazi nimeitumia mwaka mzima wa masomo sasa. Nina watoto wawili shuleni, huyo wa nane na mdogo wake wa darasa la pili, na kazi ya zamu ya usiku kwenye ghala. Jina la wilaya sitalitaja, watoto bado wanasoma huko. Nawaandikia wazazi wenzangu wanaosoma Kiswahili, kwa sababu sifa zote nilizowahi kuona kuhusu programu ya simu inayoleta taarifa hizi zilitolewa na watu wanaoisoma kwa Kiingereza.

Unachopewa ni hivi: programu ya simu, ujumbe mfupi, simu za sauti iliyorekodiwa, barua pepe, na karatasi zinazokunjwa kwenye begi la mtoto. Kila kitu ni bure. Siku ya kuandikisha mtoto unaulizwa lugha, na hapo watu wengi tunajikwaa, maana maswali ni mawili. La kwanza ni lugha inayozungumzwa nyumbani, na jibu lake ndilo linaloamua kama mtoto atapimwa Kiingereza chake. La pili ni lugha ambayo wewe mzazi unataka kuandikiwa na kupigiwa simu. Nawajua wazazi waliojaza Kiingereza kote kote kwa kuogopa mtoto asirudishwe darasa la chini. Sasa wanaletewa barua za kurasa nne wasizoweza kuzisoma. Jibu la pili unaweza kwenda kulibadilisha ofisini siku yoyote. Mimi nilibadilisha mwezi Oktoba, ilichukua dakika tano.

Tafsiri yenyewe ndiyo balaa. Siku ya masomo nusu waliandika, “Wanafunzi wataachiliwa saa 12:30,” kana kwamba walikuwa mahabusu. Kisha ukaja ujumbe wa kura ya “dhamana ya shule”, mama mmoja akanipigia kuuliza ni mwalimu gani kakamatwa. Walimaanisha hatifungani, mkopo ambao wilaya inaomba kwa wapiga kura ili ijenge au ikarabati majengo, halafu ulipwe kwa kodi ya majengo. Ni jambo kubwa hilo. Hata sisi wapangaji linatugusa, kwa sababu mwenye nyumba akipandishiwa kodi hailipi kwa mapenzi yake, anaihamishia kwetu. Lakini nani angelijua, kwa neno dhamana?

Ile saa 12:30 haikuishia kwenye kicheko. Jirani yangu, mama kutoka Uvira, Kongo, alikuwa na miezi mitatu tu nchini. Kwake saa kumi na mbili na nusu ni magharibi, jua linazama, akaona kumbe leo watoto wana shughuli, wanachelewa kurudi. Akaendelea na kazi zake. Mtoto alitolewa darasani mchana, akakaa kwenye benchi la ofisi na begi mapajani. Shule ilimpigia mama yake mara kadhaa kwa Kiingereza, naye akawa anakata akidhani ni wale wauza bima. Mwishowe walinipigia mimi, kwa kuwa jina langu ndilo aliloliandika kama mtu wa dharura. Nikaamka usingizini nikamfuata, nywele zikiwa timutimu. Yule mama alilia kwa aibu, na hakuwa na kosa hata moja. Mtu yeyote anayejua Kiswahili angesoma ujumbe ule mara moja akaona tatizo. Hakuna aliyeusoma.

Nilipokwenda kulalamika, karani alinijibu kwa upole kwamba binti yangu anaongea Kiingereza vizuri, kwa nini asiwe ananitafsiria? Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Wilaya inayopokea fedha za serikali ya shirikisho inabanwa na Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, inayokataza kumbagua mtu kwa sababu ya asili ya taifa lake. Mwaka 1974 Mahakama Kuu ya Marekani iliitumia sheria hiyo katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols, ya wanafunzi wenye asili ya Kichina wa San Francisco waliokuwa wakifundishwa kwa lugha wasiyoielewa bila kusaidiwa, na wakashinda. Mtoto wa miaka kumi na mitatu si mkalimani. Tena kuna mambo ya mdogo wake ambayo sitaki ayasikie, na kuna ya kwake mwenyewe ambayo, tukisema kweli, angeyatafsiri kwa faida yake.

Karani hakubishana. Alibonyeza namba, akaweka simu mezani, na baada ya dakika mbili tatu sauti ya mwanamume ikasema, “Habari za asubuhi, dada yangu. Mimi ni mkalimani wa Kiswahili, yote tutakayozungumza ni siri. Karibu.” Nusura nimwambie shikamoo. Hiki ndicho kitu bora kuliko vyote katika huduma nzima, na ndicho hakitangazwi popote. Kwa simu hiyo nimeongea na mwalimu, na muuguzi wa shule, hata na ofisi ya mabasi. Mkalimani husema “mimi” akiwa na maana ya mwalimu, siku ya kwanza inachanganya kidogo, halafu unasahau kama yupo. Jifunze sentensi moja tu ya Kiingereza ya kuomba mkalimani wa Kiswahili, iseme ofisini au kwenye simu, kisha nyamaza usubiri. Jirani yangu alilalamika kidogo kwamba aliyempata aliongea Kiswahili cha kitabuni mno, yeye kazoea cha Kongo. Lakini walielewana.

Kama ningeandika nikiwa nimefikia hapo, ningetoa nyota tatu na nusu na kwenda kulala. Mambo yalibadilika mwezi Februari.

Mwezi huo nilipokea jumbe arobaini na moja, nimezihesabu. Siku ya kupiga picha. Siku ya kofia. Kumbusho la siku ya kofia. Theluji, mabasi yatachelewa. Kiatu kimeokotwa. Katikati ya hizo, Alhamisi usiku, ulikuwepo mmoja usiokuwa na mlio wala alama nyekundu: “Kikao cha mafunzo kuhusu matumizi bora ya majengo. Bonyeza kiungo.” Nilibonyeza. Kikafunguka kitabu cha kurasa tisini, cha Kiingereza, tena kurasa zenyewe ni picha, simu haiwezi kunakili hata neno ikatafsiri. Ukurasa wa sitini na kitu kulikuwa na jedwali la shule tatu, na ya pili ilikuwa shule ya mwanangu mdogo. Walikuwa wanazungumzia kuifunga. Neno kufunga halikuwemo. Waliandika “kuunganisha jamii za wanafunzi”.

Basi nikaenda kwenye huo ubao wao. Namshukuru Mungu nilienda, kwa sababu mkutanoni ndipo nilipoelewa mambo yanavyokwenda. Wajumbe ni saba, wamechaguliwa kwa kura na wakazi. Msimamizi mkuu wa wilaya ni mwajiriwa wao, anapendekeza, wao wanapitisha. Mhasibu alieleza vizuri, hilo nampa: jimbo hulipa kwa kichwa cha mwanafunzi, na watoto wanaozaliwa wamekuwa wakipungua, kwa hiyo madarasa yanabaki na viti vitupu huku paa na joto la jengo vikigharimu vilevile. Halafu fedha za shirikisho za wakati wa Korona, karibu dola bilioni 190 kwa shule za nchi nzima, wilaya zilitakiwa ziwe zimeshazipangia matumizi ifikapo Septemba 2024. Waliokuwa wameajiri watu kwa fedha hizo wakabaki na mishahara isiyo na mwenyewe. Nilimwelewa. Kwa nini maelezo hayo ya dakika kumi hayakuja kwenye simu yangu badala ya habari za kofia, hilo sikulielewa.

Mzazi anaruhusiwa kuongea dakika mbili. Niliomba mkalimani siku tatu kabla, wakamleta mtu kabisa, amekaa kando yangu, dada mwenye sauti nzuri. Lakini saa haikusimama alipokuwa akitafsiri. Dakika moja yangu, dakika moja yake, kengele. Nilikuwa nimefika mahali pa barabara. Kwenda shule wanayotaka kumhamishia mwanangu kuna barabara ya njia sita, haina kituo cha kuvukia watoto, na nyumba yetu iko ndani ya umbali ambao basi halimchukui mwanafunzi. Sikuimaliza hiyo sentensi. California wana sheria inayotaka msemaji anayetumia mkalimani apewe angalau muda maradufu kwenye mikutano ya namna hii. Sisi hatuko California. Nimewaandikia kuomba jambo hilohilo, na mjumbe mmoja, mzee mwenye miwani, amenijibu kwamba atalileta. Nasubiri.

Kuna kitu kingine nilichojifunza kwa kukaa mpaka usiku. Jambo kubwa hapa husomwa mara mbili: mara ya kwanza wanalijadili, mara ya pili wanalipigia kura. Wazazi tunajazana mara ya pili, tukiwa na mabango, wakati wajumbe wameshapiga hesabu zao kichwani. Na yapo mambo yanayofungwa pamoja kama mzigo wa kuni na kupitishwa kwa kura moja bila mtu kusema neno. Usiku ule mikataba kadhaa ilipita hivyo, ukiwemo wa mabasi, kabla sijakaa sawa kwenye kiti.

Kwa hiyo, nyota. Programu naipa mbili, na moja kati ya hizo ni kwa sababu ya taarifa za theluji, ambazo hufika mapema na hazijawahi kunidanganya. Mkalimani wa simu, tano. Karatasi za kwenye begi nazipa nne, mtanicheka, lakini tangazo la kwanza lenye neno “kufunga” lilitoka kwa mwalimu wa darasa la pili, alilichapa mwenyewe, akaomba mtu amtafsirie, na lilikuwa Kiswahili safi. Mkutano wa bodi siwezi kuupa nyota mpaka nione walichoamua.

Kura ya shule tatu ni mwezi ujao, Jumanne ya pili, saa kumi na mbili na nusu jioni, yaani saa yetu. Usiku huohuo watasoma kwa mara ya kwanza pendekezo la saa za kuanza masomo. Basi moja hufanya safari tatu asubuhi na madereva hawatoshi, kwa hiyo wanataka wadogo waanze saa tatu na robo. Mimi hutoka kazini saa moja. Wenye watoto wadogo na zamu za mchana, hilo linawahusu zaidi ya kufungwa kwa shule, na sijaona ujumbe wake kwenye programu mpaka leo. Anayetaka mkalimani apige simu ofisi ya bodi kabla ya Ijumaa. Mimi tayari nimempigia jirani yangu, safari hii tutakuwa na dakika nne, mbili zangu na mbili zake, na yeye ndiye atakayeanza na barabara.