Epoksi ya banda la gari: fundi wa pili ndiye fundi

Fundi wa kwanza, simtaji, alinipakia epoksi ya kijivu, ile rangi ngumu ya sakafu, kwenye banda la gari hapa Rau, Moshi. Iling'aa wiki tatu. Masika yalipoanza ikatoa malengelenge kama kisigino kilichovalishwa kiatu kipya. Ukitoboa moja, maji yanachuruzika, na chini zege jeusi limelowa.

Wa pili hakugusa kopo kwanza. Alibandika kipande cha nailoni sakafuni, akaziba kingo zote kwa selotepu: "Tuonane kesho, mama." Asubuhi nailoni ilikuwa imetoa jasho kwa ndani. Kumbe unyevu unapanda kutoka ardhini, waliomwaga jamvi la zege hawakutandika nailoni chini yake. Tukachimba mfereji wa kupeleka mbali maji ya paa, tukasubiri kiangazi, akarudia kipimo hadi nailoni ikatoka kavu. Ndipo akakwangua kwa mashine, akapaka praima ya kuzuia unyevu, kisha epoksi.

Vumbi lake lilinifikia hadi kabati la vyombo, na bei ilinichoma. Lakini masika mengine yamepita, sijaona lengelenge hata moja. Nyota nne. Ya tano nimeikata kwa kuchelewa: saa mbili ya huyu jamaa ni saa tano.