MkDocs kwa tovuti ya msaada: nimeitumia kwa Kiswahili, haya ndiyo niliyoyaona

Habari zenu watazamaji, karibuni. Leo tunaikagua MkDocs, programu ya bure ya kutengenezea tovuti ya msaada, yaani zile kurasa anazofungua mtumiaji wa mfumo wako akikwama, kabla hajakupigia simu. Nimeandikia maelekezo ya mfumo wa mauzo wa madukani, na nimeipenda kweli. Ila kuna jambo moja ambalo kwetu sisi tunaoandika Kiswahili ni zito, na hilo nitakaa nalo zaidi.

Kwanza niwaambie nilikotoka. Maelekezo yetu yalikuwa faili la Word, tunalituma WhatsApp. Tukirekebisha kitu, tunatuma jingine. Baada ya miezi michache kila duka lina toleo lake. Siku moja mama mwenye duka alinisomea kwenye simu hatua ya 5, nami nikitazama yangu, hatua ya 5 ni kufunga hesabu za siku. Yake ilikuwa kufuta bidhaa. Tukasimama hapo hapo, maana angefuata maneno yangu angefuta mali. Tangu siku ile nilitaka maelekezo yakae mahali pamoja, nikibadilisha mimi, yabadilike kwa wote.

Haya, tuisakinishe. MkDocs ilianzishwa na Tom Christie mwaka 2014, na imeandikwa kwa Python, lugha ya kuandikia programu, kwa hiyo Python iwepo kwanza kwenye kompyuta yako. Mimi siitumii tupu, naivalisha sura inayoitwa Material, ya Martin Donath. Fungua teminali, lile dirisha la kuandikia amri, andika `pip install mkdocs-material`. Hiyo inakuletea vyote viwili. Kisha `mkdocs new msaada`. Ona, limetokea folda lenye vitu viwili tu: faili la mipangilio, `mkdocs.yml`, na folda la `docs` ambamo utaweka kurasa zako. Ingia humo kwenye `msaada`, andika `mkdocs serve`, halafu fungua kivinjari kwenye 127.0.0.1:8000, yaani anwani ya kompyuta yako mwenyewe. Tovuti hiyo hapo. Nikibadilisha neno na kuhifadhi, ukurasa unajibadilisha wenyewe, sibonyezi kitu.

Kurasa zinaandikwa kwa Markdown, maandishi ya kawaida yenye alama chache. Alama ya reli (#) mwanzoni mwa mstari inafanya kichwa, nyota mbili mbili zinakoleza neno. Mtu asiyejua programu anaishika kwa siku moja. Kwenye `mkdocs.yml` kuwa mwangalifu: mistari inasogezwa ndani kwa nafasi, usiguse kitufe cha Tab, maana itagoma. Na wateja wako wakiwa na intaneti ya kusuasua, chini ya `theme` weka `font: false`, ili ukurasa usiende kuchukua herufi za Google kila mteja anapoufungua.

Sasa sogea karibu na skrini, hapa wengi wanapotea. Nina hatua 4 za kutoa risiti. Baada ya hatua ya 2 nimeweka picha ya skrini. Tazama kivinjari: 1, 2, picha, halafu badala ya 3 inaandika 1 tena! Nimeandika 3 kwa mkono wangu, lakini haijali. Sababu ni kwamba picha imeanzia ukingoni kabisa, kwa hiyo programu inaona orodha imekwisha na nyingine imeanza. Dawa yake: isogeze picha ndani nafasi 4. Siyo 2, siyo 3. Nahifadhi… 1, 2, picha, 3, 4. Kwa mtu anayefuata hatua akiwa na mteja mbele yake, hilo si jambo dogo hata kidogo.

Sasa lile zito: kisanduku cha kutafuta. Kinafanya kazi ndani ya kivinjari chenyewe, hakihitaji seva, na ni chepesi. Lakini lugha zake zina orodha, na Kiswahili hakimo. Kinalinganisha mwanzo wa neno. Kwa Kiingereza inatosha, maana maneno yao mengi yanabadilika mwishoni. Yetu yanabadilika mbele! Naandika "lipa" hapa. Ukurasa wangu una "malipo", una "hajalipa", una "kulipia". Jibu: hakuna kitu. Naandika "mteja", ukurasa wenye "wateja" peke yake hautokei. Mwenye duka akiona hivyo anajua maelekezo hayapo, anachukua simu.

Nilichofanya ni hiki. Nilikaa na meseji za wateja nikaandika maneno yao kama walivyoyasema wenyewe, kisha vichwa vya kurasa nikavibadilisha. Palipokuwa na "Usimamizi wa madeni" pakawa "Mteja hajalipa: nifanyeje?" Na kila ukurasa unaanza na sentensi moja inayobeba sura za neno lile: "Ukitaka kulipa, kurekodi malipo, au kuona wateja ambao hawajalipa, soma hapa." Inasomeka vizuri, na kisanduku kinaipata. Kazi ni ya mkono, ndiyo, ila ilinilazimu kuandika kwa lugha ya dukani, na kurasa zikawa bora kuliko zilivyokuwa.

Kuipeleka hewani ni rahisi. `mkdocs build --strict` inatengeneza tovuti nzima, na kiungo kati ya kurasa zako kikiwa kimekatika inakataa na kukuonyesha kilipo. Kama unahifadhi folda hili kwenye GitHub, huduma ya mtandaoni ya kutunzia kazi za programu, `mkdocs gh-deploy` inaipandisha bila malipo.

Jambo la kujua kabla hujaanza: mwaka 2025 timu ya Material ilitangaza programu yao mpya, Zensical, na nguvu zao zinaelekea huko. Sijaogopa, kwa sababu imeundwa isome `mkdocs.yml` hii hii, na kurasa zangu ni maandishi matupu yanayofunguka popote.

La mwisho, na hili ndilo lililonifurahisha kuliko yote. Maduka mengine hayana intaneti. Kwenye `plugins`, sehemu ya viongezi ndani ya `mkdocs.yml`, nimeweka `search`, chini yake `offline`, nikajenga upya, folda la `site` lenye tovuti iliyotengenezwa nikalinakili kwenye flashi. Hii hapa. Nazima intaneti, mnaona alama imepotea juu. Nachomeka flashi, nafungua `index.html`. Naandika "hajalipa".

Imetokea, ya kwanza kabisa.