Almasi mbili, pete moja: uchukue ipi?

Bajeti umeshapanga, sonara umeshampata, na sasa muuzaji amekuwekea vijiwe viwili vya duara juu ya kitambaa cheusi. Bei zinakaribiana. Wengi hapo hukimbilia kilicho kikubwa.

Tuseme la kwanza lina karati 1.01 (karati ni kipimo cha uzito), rangi G, usafi VS2, yaani madoa madogo sana, mkato Good, yaani mzuri wa kawaida, kipenyo milimita 6.34. La pili lina karati 0.92, rangi H, usafi SI1, ngazi moja chini ya VS2, mkato Excellent, yaani bora kabisa, kipenyo milimita 6.28. Ukisoma vyeti tu, la kwanza linashinda kila mahali isipokuwa kwenye mkato. Mimi ningebeba la pili, tena bila kuomba muda wa kufikiri.

Rudi kwenye vipenyo. Milimita 0.06 hakuna shangazi wala wifi atakayeiona kidoleni. Uzito wa ziada umejificha chini: kina cha jiwe la kwanza ni asilimia 65 ya kipenyo chake, cha la pili asilimia 61. Mkataji aliliachia la kwanza kitako kirefu ili mizani isome zaidi ya karati 1, kwa sababu bei ya kila karati hupanda ghafla jiwe likivuka hapo. Almasi iliyokatwa vizuri hupokea mwanga kwa juu, ikaugeuza ndani na kuurudisha machoni pako. Kina kikizidi, mwanga mwingi hupotelea chini, na katikati ya jiwe panaingia kiza. Kwa hiyo unalipia uzito ambao umeharibu kile ulichokuja kununua.

Ndiyo maana mkato naupa nafasi ya kwanza, na sikubali kuubadilisha na chochote.

Rangi inafuata. Hupimwa kuanzia D, isiyo na rangi kabisa, hadi Z yenye umanjano au ukahawia wa wazi. G na H zimepishana ngazi moja tu. Yaweke mawe kifudifudi kwenye karatasi nyeupe iliyokunjwa uone kama unaweza kuyatofautisha. Pete ikiwa ya dhahabu ya njano, shuka hata J, maana umanjano wa dhahabu utaufunika wa jiwe. Kwa dhahabu nyeupe au platinamu, usishuke chini ya H.

SI1 huwatisha watu bure. Usafi hupimwa kwa lenzi inayokuza mara 10, na bibi harusi hatembei na lenzi. Uliza doa liko wapi. Jeusi katikati ya uso, hapana, hata kama ni dogo. Likiwa pembeni, fundi atalificha chini ya kikucha kinachoshika jiwe. Ila ufa unaofika ukingoni ukatae, kwa sababu ndipo fundi atakapobana.

Sasa jaribio lenyewe. Taa za dukani hata kioo hukifanya king'ae, kwa hiyo omba mawe yafutwe mafuta ya vidole, yabanwe kwenye koleo, kisha sogea nayo dirishani penye kivuli. Mlinzi akikufuata, mwache, ni kazi yake. Yatikise taratibu yote mawili kwa pamoja, uone lipi linarudisha mwanga na lipi lina kiza katikati. Kisha chukua lenzi usome namba iliyochongwa kwa leza ukingoni mwa jiwe, ilingane na ya cheti, na uihakiki kwenye tovuti ya GIA, taasisi ya Marekani inayopima almasi na kutoa vyeti, kama cheti ni chake.

Muuzaji akikuletea la tatu, kubwa na rahisi kuliko yote, huenda ni la maabara, lililotengenezwa na watu badala ya kuchimbwa. Hilo nalo ni almasi: kaboni ileile, ugumu uleule, na ile kalamu ya wauzaji inayotambua almasi kwa jinsi inavyopitisha joto haiwezi kulitenga na la mgodini. Lakini bei zake zimeporomoka miaka ya karibuni, kwa hiyo kama unataka ukubwa kwa pesa kidogo ni sawa, usitegemee tu kuliuza baadaye. Kwangu liko nafasi ya tatu.

Wa mwisho ni yule anayekunong'oneza kwamba ana jiwe ghafi, yaani ambalo halijakatwa, kutoka Mwadui, mgodi wa almasi wa Shinyanga. Sheria ya Madini ya 2010 inataka anayefanya biashara ya madini awe na leseni, na hata lingekuwa halali, hujui litabaki kiasi gani likikatwa. Almasi ya waridi iliyopatikana Mwadui mwaka 1947, akazawadiwa Princess Elizabeth, baadaye Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza, ilikuwa ghafi ya karati 54.5, ilipokatwa zikabaki 23.6.

Ukilipa, dai risiti inayotaja uzito na namba ya cheti, na mpatane siku za kurudisha kabla sonara hajalipachika, maana jiwe lililo ndani ya pete halipimiki tena sawasawa.