Namba za msimu Ujerumani: uzoefu wangu wa kupunguza bima ya pikipiki majira ya baridi

Pikipiki yangu hapa Hamburg ina namba za msimu, na ndugu wanaoanza kuendesha huku huniuliza yale yale: zinapunguza bima kweli? Zinastahili usumbufu? Jibu langu ni ndiyo, kwa sharti moja ambalo wauza bima hawalitilii mkazo. Uwe na mahali pa kuifungia pikipiki wakati wa baridi bila kulipa pango kubwa. Ukikosa mahali hapo, pesa unayookoa kwenye bima itaishia kwa mwenye banda.

Kwa asiyezifahamu, hizi ni namba za usajili zinazotumika miezi fulani tu ya mwaka; kwa Kijerumani zinaitwa Saisonkennzeichen na zipo tangu mwaka 1997. Unachagua miezi inayofuatana, isipungue 2 wala kuzidi 11, na miezi hiyo inajirudia kila mwaka. Kwenye ukingo wa kulia wa kibao inachapwa mistari miwili ya tarakimu, mmoja juu ya mwingine. Changu kina 04 juu na 10 chini, yaani kuanzia 1 Aprili hadi 31 Oktoba. Ndani ya miezi hiyo pikipiki ina bima na kodi kama chombo kingine chochote. Nje ya hapo hairuhusiwi barabarani kabisa, na hapa wengi hawaelewi: kosa si kuendesha tu, hata kuipaki kando ya barabara ya umma ni kosa. Aprili ikifika inarudi kazini yenyewe. Huendi ofisi ya usajili, hujazi fomu, hupigi simu.

Sisi tuliokulia Tanzania tumezoea bima ya pikipiki inayokatwa kwa mwaka mzima, na ni sawa, kwa sababu kule pikipiki haina likizo. Masika yapige, jua liwake, bodaboda yuko kijiweni. Hamburg ni habari nyingine. Desemba jua linazama saa kumi jioni, barabara zimemwagiwa chumvi inayokula mnyororo na boliti, na tairi halishiki vizuri lami iliyopoa. Tangu 2017 sheria ya tairi za baridi inayowabana wenye magari haiwahusu wenye pikipiki, kwa hiyo hakuna anayekukataza kuendesha Januari. Nimewahi kutoka mara chache wakati huo kwa pikipiki ya kuazima, na nilitosheka. Kulipia miezi mitano nisiyoendesha sikuona maana yake.

Sasa hesabu. Ninayo Yamaha MT-07, cc 689. Bima yangu ina sehemu mbili. Ya kwanza ni ile ya lazima, inayomlipa utakayemgonga, sawa na bima ndogo ya nyumbani. Ya pili inaitwa Teilkasko, iko katikati ya bima ndogo na bima kubwa: inalipa wizi, moto, mvua ya mawe, na ukigongana na mnyama pori kama swala au nguruwe mwitu, lakini ukianguka mwenyewe hailipi. Kampuni yangu, ambayo sitaitaja, ilinipa bei ya karibu euro 210 kwa mwaka mzima. Kwa miezi saba ikawa euro 150 na kitu.

Angalieni hapo vizuri. Miezi saba kati ya kumi na miwili ni kama asilimia 58, ila bei haikushuka kiasi hicho. Nilipouliza, mhudumu alinieleza jambo lenye mantiki: ajali za pikipiki karibu zote hutokea miezi ya joto, kwa hiyo kampuni haikupi punguzo kubwa kwa kuondoa miezi ambayo hata mwenye bima ya mwaka mzima ameifungia pikipiki yake ndani. Kampuni nyingine hukata sawasawa na miezi, nyingine hazikati hivyo. Ndiyo maana nawasihi msichukue bei ya mwaka mkaigawa kwa kumi na mbili mkadhani mmepata jibu. Ombeni bei mbili kutoka kampuni ile ile, ya mwaka na ya msimu, mziweke pamoja. Na mkiweza, lipeni kwa mkupuo. Kulipa kila mwezi au kila robo mwaka kwa kawaida kunaongezewa asilimia kadhaa, na nyongeza hiyo inakula sehemu ya kile mlichookoa.

Kodi, kwa upande wake, inashuka kwa haki. Pikipiki hapa inatozwa euro 1.84 kwa kila cc 25, na kipande kinachobaki kinahesabiwa kizima. Kwa cc 689 ni vipande 28, jumla euro 51 kwa mwaka. Kwa siku 214 za Aprili hadi Oktoba nalipa takriban 30. Mwenye cc 125 hana la kuhesabu hapa, kwa sababu pikipiki ndogo hizo hazitozwi kodi hiyo.

Ukijumlisha, naokoa chini ya euro 80 kwa mwaka. Si pesa ya kudharau, lakini wala si ile picha unayopewa unapoambiwa “lipa miezi unayoendesha tu”.

Hapo ndipo suala la banda linapoingia, na ndilo lililonichukua muda kuliko mengine yote. Ninaishi ghorofani, na mtaani kwetu pikipiki zote zinalala nje, kando ya barabara. Kuanzia 1 Novemba yangu isingeruhusiwa kulala hapo hata usiku mmoja. Nikaanza kutafuta. Wapo wauza pikipiki wanaopokea pikipiki za watu kwa majira yote ya baridi, wanazitunza ndani, betri wanaichaji, na masika ya huku unaikuta imeoshwa. Huduma nzuri, naikubali, ila bei zote nilizotajiwa zilizidi kile ninachookoa kwenye bima. Kukodi banda zima peke yangu katika mji huu sikufikiria mara mbili.

Kilichonisaidia ni Mkenya mmoja, mtu wa Mombasa, tunayefanya naye kazi. Alikuwa na banda alilopanga kwa ajili ya gari lake, na nyuma ya gari palibaki nafasi ya kukaa vibaskeli vya watoto. Nikamwambia, “Kaka, hapo pikipiki inaingia.” Tukapima, ikaingia, na sasa namchangia kidogo kila mwezi wa baridi. Vibaskeli tumevitundika ukutani. Bila yeye namba za msimu zingekuwa hasara kwangu, na nisingeziandikia maneno mazuri hata kidogo.

Banda lina umuhimu mwingine ambao ni mkubwa kuliko sheria ya maegesho. Katika miezi ile mitano hulipi chochote, lakini bima haifi yote. Inabaki ile wanayoiita Ruheversicherung, bima ya mapumziko, na haina malipo ya ziada. Kwa kuwa mkataba wangu una Teilkasko, mwizi akivunja banda Januari au moto ukizuka, bado nina haki ya kulipwa. Sharti lake ni kwamba chombo kiwe ndani ya jengo lililofungwa au katika uwanja uliozungushiwa uzio. Ukikiacha kwenye maegesho ya wazi ya nyumba yenu, hata kama si barabara ya umma, unajiweka pabaya. Kabla ya kutia saini, nilimwandikia mhudumu nikimweleza banda lilivyo na kwamba tunalitumia wawili, akanijibu kwa maandishi kuwa linakubalika. Barua hiyo ninayo.

Na tafadhali, siku moja ya jua Februari isikudanganye ukaitoa “kuzunguka kidogo tu”. Ukimgonga mtu, kampuni inaweza kumlipa yeye kisha ikakugeukia wewe ikidai fedha zake. Faini ya polisi ni juu ya hayo.

Jambo ambalo ningependa kila anayeanza alijue ni idadi ya miezi. Huku kila mwaka unaomaliza bila kudai bima unakupandisha daraja, na kila daraja linashusha bei. Lakini mwaka wa msimu unahesabiwa tu kama msimu wenyewe una miezi 6 au zaidi. Mpwa wangu, aliyepata leseni ya pikipiki hivi karibuni, alitaka kuchukua miezi minne tu, Mei hadi Agosti, kwa sababu bei yake kama dereva mpya ilikuwa mara kadhaa ya yangu na alitaka kuikata kwa nguvu. Nilimkalisha chini. Kwa miezi minne angelipa kidogo mwaka ule, halafu mwaka unaofuata angeanza tena pale pale chini, na unaofuata vile vile. Akachukua 04 hadi 09, miezi sita kamili. Na kwake, tofauti na mimi, akiba ilikuwa kubwa kweli, kwa sababu kadiri bima yako ilivyo ghali ndivyo kuipunguzia miezi kunavyoleta faida. Vivyo hivyo kwa mwenye pikipiki mpya yenye bima kubwa. Dereva mkongwe mwenye daraja la juu na pikipiki ya zamani asitarajie makubwa.

Kuna waliotangulia wanaopendelea njia ya zamani: kufuta usajili kila vuli na kusajili upya majira ya joto yakikaribia. Inawezekana, na siku hizi hata mtandaoni. Kwangu haina mvuto. Kila mara kuna ada, na ili usajili upya unahitaji namba mpya ya uthibitisho wa bima, ile yenye herufi na tarakimu saba. Faida yake ni uhuru: ukitaka kuendesha hadi katikati ya Novemba, unaendesha. Namba za msimu hazina huruma. Oktoba ikiisha saa sita usiku, imeisha, hata kama wiki inayofuata ni ya jua tupu.

Kasoro nyingine niliyoiona ni wakati wa kuuza. Rafiki yangu alipata mteja Januari, mteja akataka kuijaribu barabarani kwanza, ikashindikana. Ilibidi wazungumzie kuchukua namba za muda mfupi, zinazodumu siku 5, mteja akakata tamaa akaenda kwingine. Kwa hiyo kama unapanga kuuza, iuze kabla ya msimu kufungwa. Na usidhani unaweza kwenda nayo Hispania Februari kufuata joto. Miezi iliyoandikwa kwenye kibao inakufunga huko pia. Ukaguzi wa kila miaka miwili, kwa upande mwingine, haunipi shida: ukiangukia ndani ya miezi ya mapumziko, unafanyika mwezi wa kwanza wa msimu unaofuata.

Kwa upande wa kutunza chombo chenyewe sina mengi. Naosha chumvi na vumbi, najaza tangi mafuta lisishike kutu ndani, naongeza upepo kwenye tairi, na betri naiunganisha na chaja ndogo inayojizima. Kufuli ninafunga hata ndani ya banda.

Safari hii nafikiria kuongeza Machi, kibao kisomeke 03 hadi 10. Machi ya Hamburg ina siku kadhaa nzuri sana za kwenda hadi baharini Bahari ya Baltiki na kurudi, na kuzikosa kunaniuma. Lakini kubadili miezi kunahitaji kibao kipya, kadi ya pikipiki iandikwe upya, na ada ya ofisi, mbali na bima na kodi ya mwezi wa ziada. Nimeomba bei mpya kutoka kampuni yangu na kutoka nyingine mbili. Mkataba wangu unaisha 31 Desemba, kwa hiyo barua ya kuuvunja inapaswa kuwafikia kabla ya 30 Novemba kupita. Bei ya miezi minane ikizidi ile ya saba kwa zaidi ya euro 20, nitabaki na Aprili.